Ng'ombe wa Nyumba Tatu

Hakuna aliyekataa, na hilo ndilo lililomchosha Pelagia. Mtu akikukataa unajua pa kuupeleka uchungu wako. Unarudi nyumbani, unalia, unaanza upya. Lakini Mzee Ntirampeba hakukataa. Alimpa kigoda, akamwuliza habari za mahindi, akamwuliza habari za yule kijana wake aliyerudi kutoka Ujerumani, kisha akalitazama zizi lake tupu lililoota magugu, na kusema maneno yale yale ya mwezi uliopita.

"Mama Tharsisi, mimi neno langu ni moja. Melkiadi wangu atamwoa Esteri wako. Ng'ombe wa Kibondo akiingia hapa hatachelewa. Nitamswaga mwenyewe mpaka kwako."

"Na huyo wa Kibondo anasemaje?"

"Anasema anakungoja wewe."

Pelagia aliguna. Alilijua jibu kabla hajauliza. Mwanawe Bazilio alikuwa amemposa Immakulata, binti wa Mzee Stanislaus wa upande wa Kibondo, na Stanislaus alitaka ng'ombe wa mahari. Kijana wa Stanislaus naye alikuwa amemposa binti mkubwa wa Ntirampeba, na Ntirampeba alitaka ng'ombe. Melkiadi wa Ntirampeba alikuwa amemposa Esteri, na Pelagia, ingawa mjane, naye alitaka ng'ombe, maana bila yeye angempeleka nani Kibondo kwa ajili ya Bazilio? Kila nyumba ilitoa binti na kuleta binti. Ng'ombe aliyetarajiwa kuingia kwa binti ndiye huyo huyo aliyetakiwa kutoka kwa kijana. Na ng'ombe mwenyewe hakuwepo popote. Tangu watu walipohamishwa kutoka milimani na kupangwa kwa mistari hapa Makere, mifugo iliyokuwa imezoea mabonde yake ilikonda, ikafa, au ikauzwa kabla haijafa.

"Esteri hawezi kungoja sana, Mzee," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua." Mzee alitazama pembeni. "Wanawake wamekwisha kusema."

Walikuwa wamesema, ndiyo. Kisimani, asubuhi ile ile, jirani mmoja alimpisha Pelagia kwenye foleni kwa heshima nyingi mno, kisha akauliza mbele ya wote: "Esteri amenawiri siku hizi. Anakunywa maziwa ya nani?" Wanawake waliinamia ndoo zao. Pelagia alijitwika maji yake na kuondoka na shingo iliyonyooka, akajikuta nyumbani bila kukumbuka njia.

Sasa aliinuka kwenye kigoda, akaaga, akaondoka. Mke wa Ntirampeba alimsindikiza hadi kwenye migomba. Naye hakukataa kitu.

*

Uani kwake alimkuta Tharsisi, kifungua mimba wake, ameketi chini ya upenu mbele ya mashine ya chapa aliyokuja nayo kutoka Ujerumani. Mashine ilikuwa juu ya kiti, yeye alikuwa juu ya kigogo. Udhamini wa masomo ulikuwa umekwisha kabla tasnifu yake haijakwisha, na wizara kule Dar es Salaam ikamwambia asubiri barua ya kupangiwa kazi. Ilikuwa mwaka 1976. Serikali ilikuwa imesimamisha uagizaji wa kompyuta, na mtu aliyezisomea alikuwa kama aliyesomea unahodha wa meli kisha akarudi kuishi mlimani. Barua haikuja. Tharsisi alipiga chapa kurasa zake za Kijerumani, akachora miduara na vistari, na watu waliopita njiani walitikisa vichwa: miaka yote hiyo ng'ambo, karudi anachora miduara.

Esteri alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Bazilio alikuwa amesimama mlangoni, na mkononi ameshika kamba ya kufungia mzigo. Pelagia aliiona kamba kabla hajamwona mwenye kamba.

"Mama," Bazilio alisema, "nakwenda Tanga."

"Kufanya nini Tanga?"

"Kukata mkonge. Mwaka mmoja tu, nirudi na ng'ombe."

"Baba yako naye alisema mwaka mmoja."

Esteri aliacha kuchambua. Kila mtu pale uani alijua jinsi marehemu baba yao alivyorudi kutoka mkonge, na kikohozi alichorudi nacho.

"Sasa nifanye nini?" Bazilio alipandisha sauti, akaishusha mwenyewe. "Stanislaus ananingoja. Ntirampeba anamngoja Stanislaus. Sisi tunamngoja Ntirampeba. Tutangojana mpaka tufe?"

Tharsisi aliinuka taratibu. Akaokota kipande cha mkaa jikoni, akachuchumaa na kuchora miduara mitatu kwenye sakafu ya udongo.

"Hii ndiyo niliyokuwa naisoma," alisema, kama mtu anayeungama. "Kompyuta kubwa hufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Kazi moja imeshika utepe wa kuhifadhia habari, inataka mashine yake ya kuchapa majibu. Kazi ya pili imeshika mashine ya kuchapa, inataka utepe. Hakuna inayoachia kabla haijapewa. Unakuja asubuhi unakuta taa zinawaka, hakuna kilichoharibika, hakuna kosa hata moja. Inangoja tu."

"Mpaka lini?" aliuliza Pelagia.

"Milele."

"Na ninyi mliosoma mnafanya nini?"

"Tunachora, mama. Tunachora kabla haijakwama, tuone itakwamia wapi. Michoro hii inaitwa nyavu za Petri."

"Petri yupi? Petro mvuvi?"

"Hapana. Ni Mjerumani, mtaalamu wa hesabu."

"Petro wetu sisi aliziacha nyavu zake akaondoka," alisema Pelagia, akakaa chini maana miguu ilikuwa inamwuma. "Haya, endelea."

Tharsisi akaonyesha. Mduara huu ni nyumba yetu, huu ni wa Stanislaus, huu ni wa Ntirampeba. Kati ya nyumba na nyumba akaweka kistari, na kila kistari ni ndoa. Akaomba punje ya harage kwa Esteri, akaiweka kwenye mduara wa kwanza. Punje ndiyo ng'ombe, alisema. Ndoa haiwezi kufungwa kama mduara ulio nyuma yake hauna punje. Huu unayo. Basi Bazilio anaoa, na punje inahamia kwa Stanislaus. Stanislaus anayo, kijana wake anaoa, punje inahamia kwa Ntirampeba. Ntirampeba anayo, Melkiadi anamwoa Esteri, na punje hiyo inarudi hapa ilikoanzia.

"Ndoa tatu," alisema, "harage moja. Na harage limerudi." Kisha akaliokota, mikono ikabaki juu ya miduara mitupu. "Sasa halimo. Ngojeni mwaka, ngojeni kumi. Mduara uliokauka namna hii haujijazi wenyewe. Wala hakuna mwenye kosa."

Bazilio aliikaza kamba mkononi. "Ndiyo maana nakwenda Tanga. Harage liko Tanga."

"Au tufute," alisema Tharsisi. "Kila nyumba inadai ng'ombe na inadaiwa ng'ombe. Wazee watatu wakae waseme imetosha, watoto waoane."

Pelagia alimtazama mwanawe aliyemsomesha kwa kahawa na maharage, akataka kumwambia kitu, lakini alikuwa amechoka. Akasema, "Jaribu."

*

Alijaribu Jumapili. Mzee Stanislaus alikuwa amekuja Makere kwa ubatizo wa mjukuu wa dada yake, na baada ya misa alikuwa amesimama na Ntirampeba nje ya kanisa, wote wawili wamevaa makoti licha ya jua. Tharsisi aliwaamkia, akaeleza vizuri, kwa adabu, bila mkaa wala harage. Wazee walimsikiliza hadi mwisho. Watu walianza kusogea.

"Kijana," alisema Stanislaus, "nimekuelewa. Unataka binti yangu aolewe kwa hesabu."

Mtu mmoja alicheka.

"Sivyo, Mzee. Ni kwamba..."

"Watoto wake wakija kuulizwa, mama yenu alitolewa nini, waseme alitolewa kwa kufutana? Mke anayepigwa hukimbilia kwao kwa sababu kule kwao kuna ng'ombe wa kumsemea. Immakulata atasemewa na nini? Na kalamu yako?"

"Ng'ombe lazima aonekane," aliongeza Ntirampeba. "Aingie uani kwa miguu yake, ajisaidie pale mbele ya watu, jirani anuse. Hiyo ndiyo ndoa. Ujerumani sijui wanafanyaje."

Watu wakaangua kicheko. Tharsisi naye akajaribu kucheka, midomo ikakataa. Pelagia, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanawake, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta rozari kwenye kanga yake. Alikuwa amewahi kuchekwa yeye, akazoea. Kumwona mwanawe akichekwa lilikuwa jambo jingine.

Stanislaus hakuwa mtu mbaya. Alipowaona watu wametosheka, alimshika Tharsisi bega. "Sikatai," alisema, na neno lile likamchoma Pelagia. "Hata awe mmoja tu. Hata awe mwembamba. Lakini aje kwa miguu yake."

*

Siku ya pili yake Pelagia alikwenda mjini Kasulu na Tharsisi, kwa Isihaka, mfanyabiashara aliyenunua maharage yake kila msimu. Duka la Isihaka lilikuwa na chumvi, kaniki, mafuta ya taa na majembe, na nyuma ya nyumba kulikuwa na boma la ng'ombe aliowanunua vijijini. Mkewe Mwanaamina aliwaletea kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, akawaacha.

"Kuazima ng'ombe?" Isihaka alirudia. "Bi Pelagia, watu huazima sufuria."

"Sufuria ninayo."

Isihaka akacheka kwa dhati. Alitaka aelezwe, na Tharsisi akaeleza, safari hii kwa vikombe vya kahawa, akivizungusha kwenye sinia. Mfanyabiashara alifuata kwa macho kama anayefuata mchezo wa bao.

"Kwa hiyo anazunguka, anarudi kwangu."

"Anarudi kwako."

"Na akifa njiani?"

Tharsisi akakirudisha kikombe kwenye sinia.

"Faida sitaki," alisema Isihaka. "Kutaka nyongeza juu ya mkopo ni riba, na nakuheshimu. Lakini mkono mtupu haulambwi. Nataka kitu hapa dukani mpaka ng'ombe arudi. Na arudi kabla ya mfungo, maana mwezi wa Ramadhani nina mambo yangu."

Pelagia alianza kufikiria shamba, mabati, kitanda. Tharsisi alikuwa amekwisha sema: "Nina mashine ya chapa."

"Ile unayoandikia masomo yako?"

"Hiyo hiyo."

"Na masomo?"

"Yatangoja," alisema Tharsisi. Pelagia aliona jinsi alivyoisema, haraka, kama mtu anayejing'oa mwiba. Profesa wake alikuwa amemwandikia kwamba akipata kazi nzima iliyopigwa chapa kabla ya mwaka kwisha, watampa shahada yake hata akiwa huku. Pelagia alijua hivyo kwa sababu alikuwa amesomewa barua ile mara nyingi. Akafungua mdomo kumzuia. Akamkumbuka Esteri anavyoifunga kanga juu zaidi kila wiki, akaufunga.

*

Ng'ombe alikuwa jike mkavu, rangi ya majivu, pembe moja imeinama. Bazilio alimswaga kwenda Kibondo, na nyumba zote za njiani zikatoka kutazama. Alirudi na Immakulata, na shangazi zake Immakulata, na vigelegele ambavyo Pelagia alikuwa amesahau jinsi vinavyosikika. Stanislaus alitimiza neno lake. Kabla wiki haijaisha, ng'ombe yule yule aliteremka tena barabara ile ile hadi Makere, akaingia uani kwa Ntirampeba, akajisaidia mbele ya watu, na binti mkubwa wa Ntirampeba akaondoka analia kwenda Kibondo.

Kisha ng'ombe akakaa.

"Kesho," alisema Ntirampeba alipokwenda Bazilio kuuliza. Alisema kesho tena alipokwenda Melkiadi, mwanawe mwenyewe, aliyetoka na macho mekundu. Alipokwenda Tharsisi, mzee alisema mengine, na Tharsisi akarudi nayo nyumbani akayamwaga mbele ya mama yake kama mtu aliyerudishiwa mtihani.

"Ananiambia, 'Nimesikia ng'ombe ni wa Isihaka. Mwisho wa hesabu yenu, mabinti watatu wametoka na ng'ombe hayupo.' Nikamwambia, na mabinti watatu wameingia, Mzee. Akaniambia, 'Wameingia kula.'"

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu." Alikuwa anachora kwa kidole kwenye vumbi bila kutazama. "Mama, kosa ni langu. Kwenye wavu, kistari kikipata harage kinapata ruhusa ya kupita. Ruhusa tu. Hakuna kinachokilazimisha. Nimeliandika hilo kwa mkono wangu mwenyewe, ukurasa wa mwanzo, kisha nikaja hapa nikachora kana kwamba watu ni maji, ukifungua yanatiririka."

Mjumbe wa Isihaka alipita akielekea mnadani, akasimama barabarani bila kuingia: tajiri anasalimu, na anauliza kama mwezi huwa unaonekana na huku Makere. Pelagia alimwambia amwambie unaonekana.

Siku ile Bazilio aliitoa tena ile kamba. Immakulata, aliyekuwa bibi arusi wa juzi tu, alikuwa jikoni anapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

"Ng'ombe wa Isihaka asiporudi lazima nimlipe," Bazilio alisema. "Mimi ndiye niliyeoa kwa huyo ng'ombe."

"Na huyu umwache?" Pelagia alionyesha jikoni kwa kidevu.

"Nimwache kwako."

Mwaka mmoja, alifikiri Pelagia. Immakulata atakaa hapa, atapuliza moto, atazeeka akitazama barabara. Esteri atazalia kwenye nyumba hii mtoto asiye na kwao. Na mimi nitapika kwa wote. Aliinuka, akajifunga kanga ya pili, akatoka. Hakumwambia mtu anakokwenda, na hakuna aliyemwuliza.

*

Alimkuta Ntirampeba zizini, peke yake. Magugu yalikuwa yameng'olewa, fito mpya zimefungwa. Mzee alikuwa amepiga magoti pembeni ya ng'ombe, anamtoa kupe mmoja mmoja kwenye mikunjo ya shingo na kuwaponda kwenye jiwe, huku akiimba kwa kukoroma, kwa Kiha, nyimbo zile za kusifia ng'ombe ambazo Pelagia hakuwa amezisikia tangu walipokuwa milimani. Hakumwona mgeni. Pelagia alisimama akingoja wimbo uishe, akaona aibu kama aliyemfumania mtu anaoga.

"Karibu," alisema mzee hatimaye, bila kuinuka.

"Ahsante."

Hakukuwa na kigoda. Pelagia aliketi kwenye gogo la mlangoni mwa zizi. Alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima: la mwenyekiti wa kijiji, la padri, la Isihaka. Sasa hakuliona hata moja.

"Hana maziwa," alisema Ntirampeba.

"Najua."

"Ni mkavu. Hatazaa tena huyu. Isihaka anakwenda kumchinja." Akapangusa mkono kwenye koti. "Lakini anapumua, Mama Tharsisi. Alfajiri nikiamka nasikia anapumua. Kule juu nilikuwa na wengi, unakumbuka. Nikiwa nimelala nilijua nani amesimama na nani amelala, kwa pumzi tu. Tumekuja hapa, usiku kimya. Nasikia redio ya jirani."

"Binti yangu kaondoka," mzee aliendelea. "Nyumba imekuwa kubwa. Sasa na huyu aondoke siku ile ile? Nilisema kesho. Nilikuwa sisemi uongo. Kila siku nilikuwa nasema kesho, na ni kweli."

"Bazilio anafunga mzigo," alisema Pelagia.

"Wapi?"

"Tanga."

Mzee aliacha kutafuta kupe. Yeye na marehemu baba yake Tharsisi walikuwa wamepanda gari moshi moja, vijana wote wawili, kila mmoja akimtafutia ng'ombe wa mahari mchumba wake. Walilala kambi moja. Ntirampeba alirudi mzima.

"Alikuwa anakohoa hata kule," alisema. "Vumbi la kiwandani. Msimamizi alimwambia aende hospitali. Akasema akienda atakatwa siku, na zilikuwa zimebaki chache za ng'ombe wako. Nikamwambia ngoja. Akasema, 'Pelagia ananingoja.'"

Haya Pelagia hakuwahi kuyasikia. Katika miaka yote ya ujane wake hakuna aliyemwambia. Aliyapokea mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyetwishwa mzigo akiwa tayari amebeba mwingine. Hakulia. Alitaka tu kulala pale pale, kichwa kwenye fito, ng'ombe akipumua.

"Nimechoka, Mzee," alisema.

"Hata mimi."

Walikaa. Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa Burundi, na moshi wa majiko ya kijiji ulikuwa unapanda kwa mistari, nyumba baada ya nyumba. Ng'ombe alijisogeza akajikuna kwenye bega la mzee. Ntirampeba aliweka kiganja kwenye kipaji cha uso wake, akakiacha pale kitambo kirefu. Kisha akainuka kwa kujishika goti, akafungua kamba kwenye kigingi, akaizungusha mkononi.

"Nitampeleka mwenyewe," alisema. "Nilisema nitampeleka mwenyewe. Wewe tangulia."

Alimpitisha katikati ya kijiji, kwenye barabara kubwa, polepole sana, ili kila mtu aone.

*

Esteri aliolewa kwa gauni alilopanuliwa na Immakulata, na padri alitazama juu ya kichwa chake muda wote wa ibada. Wanawake wa kisimani walikuja, wakaimba, wakala. Yule aliyeuliza habari za maziwa alicheza kuliko wote.

Isihaka alikuja na mswagaji wake mwandamo wa mwezi ukiwa umekaribia. Alimkagua ng'ombe, akampapasa mgongo, akasema amerudi amenenepa kuliko alivyotoka, nani alikuwa anamtoa kupe? Akaiteremsha mashine ya chapa kutoka kwenye baiskeli mwenyewe, ikiwa imefungwa kwenye gunia. Kwa heshima alikunywa maji, akamwombea heri Esteri, akaondoka. Ng'ombe aligoma kidogo kwenye kona ya barabara, upande wa kwa Ntirampeba, akachapwa, akaenda. Mzee mwenyewe hakutoka nje siku ile. Melkiadi alisema alikuwa anaumwa mgongo.

Tharsisi alirudisha mashine juu ya kiti, akakaa juu ya kigogo chake, akaweka karatasi. Alikaa vile kwa muda bila kupiga herufi. Nyuma ya nyumba Bazilio na Immakulata walikuwa wanabishana kwa sauti ndogo juu ya jembe moja litakalotumiwa na watu wawili.

"Mama," aliita Tharsisi. "Ulimwambia nini Mzee Ntirampeba?"

Pelagia alikuwa ameegemea nguzo, miguu ameinyoosha mbele yake, nyayo zimepasuka. Tangu asubuhi hakuwa ameketi. "Sikumwambia kitu."

"Lazima ulimwambia kitu. Wote tulikwenda akatuzungusha, ukaenda wewe akaachia. Nataka kujua ni kitu gani kilichomfanya aachie. Kwenye kazi yangu hapo ndipo pagumu. Kuona mkwamo ni rahisi. Nani aachie, na kwa nini, hilo hatuna namna ya kulichora."

Pelagia alifikiri juu ya gari moshi, na kambi, na kijana anayekohoa akihesabu siku. Hayo hakutaka yaandikwe kwa Kijerumani.

"Alichoka, mwanangu," alisema. "Andika hivyo. Andika kwamba tulichoka."

Tharsisi alingoja aendelee. Alipoona haendelei aliitazama karatasi, vidole juu ya herufi, kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka neno lile, kwenye mduara au kwenye kistari, na hakuliandika.

Watu walikuwa wanarudi mashambani, wanapita mbele ya uga wakisalimu na kuchungulia. Zizi dogo ambalo Bazilio alilijenga kwa fito kwa ajili ya kumpokea ng'ombe lilikuwa wazi, na kinyesi ndani yake bado kibichi.

"Nenda kafunge lile zizi," alisema Pelagia.

"Hamna kitu ndani, mama."

"Najua. Funga tu."